Mama Salome Aitazama Damu Yake

Dada Rehema,

Shikamoo. Newala asubuhi ni ukungu mtupu. Sweta la mitumba nililonunua Masasi silivui hata nikila.

Jana kliniki alikuja Mama Salome, mkulima wa korosho. Miguu yake imekakamaa, majirani wanasema amerogwa, na mumewe ameshafunga virago. Daktari wetu akamsomea majibu ya vipimo kutoka Dar: ana kirusi cha Ukimwi na kingine cha jamii hiyohiyo. Vyote hukaa kwenye chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, na hicho cha pili ndicho kinachoumiza neva za mgongo.

Akaomba aione damu yake. Tukamshika mabega, akainamia hadubini. Virusi ni vidogo mno, havionekani, lakini askari hao aliwaona. Akanigeukia, akaniuliza:

“Wamevamiwa, na bado wamo?”

“Wamo, mama.”

“Mungu mkubwa! Mwiteni mume wangu, mwambieni sikurogwa.”

Mume alikuja, akasikiliza, akanyoosha mkono naye apimwe. Kisha akainama, akambeba mkewe mgongoni mpaka kwao. Dada, nilisimama mlangoni nikawatazama mpaka wakapotea njiani.

Wapakate watoto kwa niaba yangu, nawe Mungu akutunze.

Mdogo wako,
Zuhura