Tangi la Mtaa wa Juu

Jumatatu, 11 Februari 1991
Wagonjwa kumi na tisa leo hapa zahanati. Kipindupindu — sasa tunalitaja jina wazi. Daktari Zegarra, aliyeletwa kutoka Lima, amenipa ramani ya mji na kalamu nyekundu. Kila mgonjwa, nukta. "Nelida, waulize wamekula nini, wamekunywa nini." Karibu wote wanajibu: sebiche anayouza Doña Eudosia, samaki wake wabichi wa ndimu. Mji umeshahukumu.

Jumatano, 13 Februari
Wamemwaga samaki wake barabarani. Ndoo tatu! Mwanamume mmoja akamfokea: "Wewe mama, utatumaliza!" Doña Eudosia anaokota tu, halii. Nikapita, faili kifuani.

Nukta zimerundikana Mtaa wa Juu. Yumo mtoto wa miezi minane — huyo anakula sebiche gani? Wote wanachota maji kwenye tangi moja.

Tangi hilo ni langu mimi. Kila Jumatatu ni kazi yangu kupima kama maji yana dawa ya kuua vijidudu. Vidonge vya kupimia viliisha Januari. Niliona uvivu kufuatilia vingine, nikawa naandika tu: "Salama." Wiki tatu! Mara moja niliandika nikiwa napaka rangi kucha.

Alhamisi, 14 Februari
Nimemwambia daktari habari za tangi. Nusu tu: zile nukta, si zile "Salama" zangu. Wamelifunga mchana huohuo. Wamepima: dawa hamna, hata chembe.

Yule mtoto amefariki asubuhi.

Jumamosi, 16 Februari
Mkutano uwanjani. Daktari akaninyanyua mkono: "Huyu binti kauokoa mji!" Makofi. Nami nikatabasamu — Mungu wangu, nilitabasamu!

Jioni hii Doña Eudosia kaja kwetu, kavaa gauni la kanisani. Kanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. "Umenisafisha jina, mwanangu." Mama akamkaribisha kiti. Halafu mgeni, taratibu kabisa, akauliza: nani alikuwa analipima lile tangi? "Sitamtukana. Nataka nimwone uso tu."

"Nelida atakuwa anamjua," Mama akadakia. "Si wanafanya kazi pamoja?"

Nikasema ngoja nibadilishe viatu.

Nimekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni. Sasa Mama anaita, "Nelida! Mgeni anakungoja!" — na Doña Eudosia anamwambia, "Mwache apumzike, maskini, kachoka kwa ajili yetu."