Kokoto za Gereji Zilikuwa Platini

Mjukuu wangu Neema,

Huku Doha mimi ni mzima, ila mgongo. Mpe bibi yako pole ya goti.

Kitabu chako cha kemia ulichoniandikia habari zake hakidanganyi. Naamini karne ya kumi na tisa platini ilikuwa rahisi kuliko dhahabu, hata matapeli wakaipaka dhahabu na kutoa sarafu bandia. Hata mimi niliwahi kuifukia shimoni bila kujua.

Nikiwa kijana, kwenye gereji Nakuru, tulipasua kasha la bomba la moshi ili gari livute vizuri. Ndani mlikuwa na kitu kama sega la nyuki. Nilikiponda nikajazia mashimo ya getini. Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na gunia.

"Kijana, nizolee hizo kokoto, nikununulie soda."

Nikazoa miezi mingi, nikimcheka kuwa ni mwehu.

Jana, gereji ya hapa Industrial Area, msimamizi alilifungia kasha kama hilo kabatini. Nikauliza kwa nini.

"Mzee, si ndani kuna platini, na ina bei kubwa!"

Chakula kilinishinda kwa hasira. Yule mnunuzi wa Nakuru alijua, akaniacha nicheke.

Sasa unasema kemia ni ngumu, unataka kuiacha. Thubutu! Watu wenye magunia bado wanapita, na soda wanazo.

Babu yako