Joka Ambalo Hukuandika

Kitale, 4 Mei 2024

Kwa dada Nakhungu,

Mulembe. Mimi mzima, tena mzima kupita kiasi: kuanzia hapa mpaka Kiminini hakuna binadamu amesoma riwaya za fantasia kunishinda, na wale wanaoziandika huko ng'ambo wangejua nipo, wangenitumia kwanza niwasahihishie. Si unajua niliacha shule kidato cha pili? Walimu walikuwa wamenimaliza, hawakuwa na kitu kingine cha kunifunza.

Bado nauza vitabu vya mitumba sokoni, mimi upande huu, Kang'ethe wa njugu upande ule. Kila Jumamosi naandika uchambuzi kwa simu, watu mia nne na kitu wananifuata. Wiki jana kuna kitabu nilikipa nyota moja, na hiyo moja ilikuwa ya karatasi nzuri.

Nasikia ati umemaliza riwaya yako. Lete kwa fundi bana. Wewe umezoea watoto wa nasari, hao hupiga makofi hata ukikohoa.

Nisalimie mama mkubwa. Mwambie jogoo wake ajiandae, Desemba nakuja.

Ndugu yako, bingwa,
Nyongesa

Bungoma, 11 Mei 2024

Mpendwa Nyongesa,

Mulembe. Sisi tuko salama, ila goti la mama linamsumbua mvua ikianza. Nilimsomea barua yako akacheka mpaka akasahau goti. Anasema jogoo amekataa.

Nimekutumia madaftari mawili kwa gari la parcel. Nakala safi ni hiyo moja tu. Nyingine ni karatasi za ovyo, zimejaa kwa katoni. Miaka sita nimeandika watoto wa nasari wakilala mchana, mkono mmoja kwa kalamu, mwingine unapapasa mgongo wa mtoto. Kuna mashindano, na miswada inatakiwa kufika kabla ya tarehe thelathini Juni.

Niambie ukweli. Ukisema inafaa nitatuma, ukisema haifai sitatuma. Usinionee huruma eti kwa sababu nilikufundisha kusoma jikoni kwetu, nikikuandikia herufi kwa mfuko wa unga.

Dada yako,
Nakhungu

Kitale, 8 Juni 2024

Dada Nakhungu,

Mulembe tena, na pole kwa kuchelewa. Hapa afya iko. Goti la mama linaendeleaje?

Sasa kazi. Nimeyasoma madaftari yote mawili, neno kwa neno. Dada, ukweli uliuomba mwenyewe. Mwanzo unavuta miguu. Katikati nilisinzia, nikaamka, nikakuta bado ni katikati. Na joka lako halitishi. Joka likipumua vizuri, mimi huku Kitale na baridi yetu nafaa kuvua sweta.

Nyota mbili, na moja ni ya undugu. Usitume mwaka huu, watakucheka. Na usisumbuke kuyaitisha hayo madaftari, wewe anza upya na karatasi mpya.

Usikasirike. Hata mimi nilianza chini.

Ndugu yako,
Nyongesa

Bungoma, 15 Juni 2024

Mpendwa Nyongesa,

Mulembe. Natumai baridi ya huko haijakuzidi. Goti limepata nafuu, asante kuuliza.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kuna kitu kimoja tu hakijaniingia: joka. Mimi sikuandika joka. Niliandika mlima unaohama watu wakiupa mgongo, na mwanamke anayeufuata nyuma akiuomba urudi. Nimewaza sana. Labda niliuandika vibaya mpaka msomaji akaona joka. Kama ni hivyo, kosa ni langu, si lako.

Sitatuma. Zile karatasi za katoni nimewashia jiko tangu Jumatano, leo zimeisha. Mama alisema chai ina moshi, lakini alikunywa.

Usijisikie vibaya, ulinipa nilichoomba. Ukipata mtu anayekuja huku, mpe tu madaftari. Sitaandika tena, lakini nataka yakae kwa sanduku langu.

Mama anauliza kama unakula.

Dada yako,
Nakhungu

Bungoma, 20 Julai 2024

Nyongesa,

Mulembe. Sijapata jibu, na simu yako haishikwi. Mama anaamini unaumwa.

Kama ni maneno ya joka yamekuudhi, nisamehe. Sikutaka ionekane nabishana na wewe, ambaye umesoma vingi.

Dada yako

Kitale, 17 Agosti 2024

Dada Nakhungu,

Shikamoo. Najua sijawahi kukuamkia hivyo. Mwambie mama siumwi, na nakula.

Sikuyasoma. Yalikaa chini ya meza yangu wiki tatu, sikufungua hata jalada. Vitabu visivyouzika huwa nampa Kang'ethe, anararua kurasa, anakunja za kufungia njugu. Tarehe moja Juni kulikuwa na mpira, nikataka kufunga mapema, na Kang'ethe akachukua yako pamoja na takataka zingine. Nikasema si kitu, dada ana katoni. Nikakuandikia uongo ule ili usiyaulizie. Kumbe uongo ndio uliwasha jiko.

Barua yako ya joka ilipofika ndipo nikaanza kutafuta. Nimenunua njugu mpaka tumbo limenikataa. Nimeokota karatasi kwa mitaro, wapita njia wakadhani nimerukwa na akili. Nimepata kurasa tisa, zina mafuta na chumvi. Nilijua ni wewe kwa ile k yako ya mguu mrefu, ile ya kwenye mfuko wa unga.

Kuna ukurasa yule mwanamke anaacha kuuomba mlima. Anakaa chini, anauambia habari za nyumbani: nani amezaa, ng'ombe wa nani amekufa, nani anauulizia. Na mlima unapunguza mwendo ili usikie. Nilisoma nimesimama hapo sokoni. Mteja aliniuliza bei mara tatu, akaenda zake. Sijui kama mlima ulirudi. Ukurasa unaofuata sina.

Wale mia nne nimewaambia sichambui tena. Hizi tisa nimezinyoosha chini ya kamusi, nitazileta kwa mkono wangu, hata kama mtanifungia mlango.

Lakini hapo juu nimekudanganya tena. Nimesema Kang'ethe alichukua. Kang'ethe hakuchukua, aliuliza. Aliyainua yote mawili akasema, "Nyongesa, haya yameandikwa kwa mkono. Hakuna mtu atayaulizia?"

Vijana wa mpira walikuwa wamesimama hapo wakinisikiliza. Nikawachekesha. Nikasema, "Ni ya dada yangu, anajaribu kuandika. Chukua tu, karatasi ni nzuri."

Mdogo wako,
Nyongesa