Jiwe Lenye Masizi

Jumatatu, 7 Septemba 1987

Miezi mitano sikuandika neno. Naomba radhi, ingawa sijui namwomba nani. Kila asubuhi nimeswali, nimekunywa chai, nimemwagilia miwaridi maji, nimeketi mbele ya daftari hili, nikalifunga.

Sababu naijua. Mwezi wa Aprili chifu alinitaka nieleze kwa maandishi historia ya pango la hapa Bofu, kwa kuwa hoteli moja ya ufuoni ilitaka kununua mawe yake. Mimi ni mwalimu mstaafu. Maandishi yangu huaminika. Niliandika: "Pango hili halina historia ijulikanayo." Nikatia sahihi. Sentensi safi. Si ya kweli.

Jumatano, 9 Septemba

Ndugu yangu mdogo, Mwanasiti, hajaniamkia tangu wakata mawe walipoanza kazi. Leo amepita uani na ufagio wa chelewa na chetezo. Kila Jumatano wanawake wa nyumba yetu hulifagia pango lile. Mama alilifagia hadi mwaka aliokufa. Sasa ni yeye. Hufagia, huvukiza ubani, hunyunyiza marashi, kisha hutoka bila kugeuka nyuma.

Nilimwambia asiende, paa limekatwa nusu, mawe yatamwangukia.

"Kwani Mama alikuwa akifagia nini, Kaka? Upepo?"

Nikaigeukia miwaridi yangu.

"Wewe hata mbuzi akipita waandika tarehe. Mama hukumwandika."

Akaenda zake.

Alhamisi, 10 Septemba

Niandike niliyoyajua nilipotia sahihi ile. Nyanya alitusimulia kwamba zama watu walipokuwa wakitekwa na kuuzwa, wanawake wa Bofu walijificha katika chumba cha ndani cha pango pamoja na watoto. Aliyeingia wa mwisho alifagia nyayo zao mlangoni. Ndiyo asili ya kufagia. Nimelisikia hilo tangu utotoni.

Nikaliacha. Nilijiambia kwamba masimulizi si ushahidi, kwamba historia ni yale yaliyoandikwa. Hiyo ni nusu tu ya sababu. Nusu ya pili: niliona haya. Sikutaka chifu ajue kwamba mama wa Mwalimu alifukizia jabali ubani. Nilimwonea haya mama yangu. Nimeandika, na sifuti.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimekwenda hotelini. Fundi Kazungu, mwashi kutoka Kaloleni, nilimfundisha zamani. Ameacha mwiko akaja kunipokea.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu pangoni. Hili letu halina popo."

Wamejenga pango. Wavu wa chuma, saruji, na juu yake mawe yetu ya matumbawe. Pampu hupandisha maji, nayo hushuka mlangoni hadi kwenye bwawa la kuogelea. Kazi nadhifu; siwezi kumnyima sifa zake. Kando kuna kibao chenye maelezo kwamba pango hili ni la kale mno, na kwamba sultani mmoja alificha hazina humo.

Nimemuuliza nani kaandika.

"Meneja. Wageni wapenda pango lenye habari zake."

Lililo la uongo limepewa historia. Lililo nayo nimelipokonya mimi.

Usawa wa kifua changu pana jiwe jeusi. Nimelikaribia. Masizi. Bado lanukia ubani, kwa mbali. Kazungu amesema kwa furaha kwamba ameagizwa mawe meusi yakae mbele, yaonekane ya zamani. Kisha akasema Alhamisi watakata chumba cha ndani.

Nimeketi kando ya bwawa la watu.

Jumanne, 15 Septemba

Baraza la chifu. Nimesimama, nimesoma karatasi mpya, kurasa tatu: Nyanya, wanawake, ufagio, jina kamili la Mama. Nikasema ya kwanza niliiandika nikijua si kweli.

Mtu wa nyuma akasema, "Leo Mwalimu kajipa sifuri." Wakacheka. Stahili yangu.

Chifu akauliza waamini karatasi ipi katika mbili, na zote zina sahihi yangu. Swali la haki. Nikamjibu kwamba hii ya pili imeniuma. Ukataji umesimamishwa hadi mkuu wa tarafa aamue. Yaliyokwisha kukatwa hayarudi.

Jumatano, 16 Septemba

Nimemfuata Mwanasiti. Hakunialika, hakunifukuza. Mlangoni akasema, "Vua viatu, Kaka."

Nikavua. Chumba cha ndani kina baridi ile ile ya utotoni. Nje yake, palipokuwa na paa, sasa pana mbingu, na jua laangukia sakafu ambayo haikupata kuliona. Alifagia. Nilishika chetezo hadi makaa yakazima. Tulipotoka hakugeuka nyuma, nami sikugeuka.

Mkuu wa tarafa bado hajaamua. Daftari silifungi tena. Litakaa wazi mezani. Atakapoamua, uwe uamuzi wa heri au wa shari, nitauandika siku iyo hiyo, kama ulivyo.