Maneno Uliyoyaacha Kwenye Njia ya Mweso

Baba Mdogo,

Neno "mpendwa" nimeliruka kwa makusudi. Wewe hujui kusoma, hutalikosa, lakini atakayekusomea ataliona pengo. Barua hii nimeiweka gazetini kwa sababu najua gazeti hili ninaloliandikia likifika kijijini Burungu husomwa kwa sauti mbele ya duka kabla halijafungiwa chumvi.

Ujumbe wako nimeupata. Umeanguka na baiskeli, nyonga imevunjika, hospitali inakupa vidonge vichache vya maumivu, nawe unataka nikutafutie vingine huku Bukavu, "vile vya kaka". Mjumbe wako akaongeza kwamba huna hofu, kwa kuwa mwili wako umezoea kasiksi, pombe yetu ya ndizi, tangu ujana. Hapo nilicheka. Haikuwa furaha.

Tuanze na baiskeli. Wakati ule ilikuwa moja tu kijijini, kwa hiyo wewe ndiye ulikuwa posta yetu. Ulinipakia nyuma nikiwa mdogo, ukanifundisha kupiga mluzi kwenye miteremko ili waliobeba maharagwe wasogee kando. Nilikupenda, naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Watu walikupa maneno Mweso, wewe ukayafikisha Burungu. Habari za arusi ulizifikisha na nyongeza zako. Zile za kuchosha ulizikata. Wanawake walikutania, "Papa mudogo, hii habari umekula nusu yake?" Ukawajibu kwamba nusu uliyokula ilikuwa chungu.

Kisha Papa, kaka yako, akaangukiwa na gogo alipokuwa akipasua mbao upande wa Walikale. Mgongo haukupona. Hospitali ya Mweso ikampa vidonge vya morfini. Miezi ilivyopita kipimo cha mwanzo hakikumtosha tena, muuguzi akakipandisha kidogo kidogo, mpaka Papa akawa anameza kwa mara moja kiasi ambacho siku ya kwanza kingemuua. Ndivyo dawa hiyo ilivyo. Mwili huizoea, na ukikaa bila dawa, mazoea hayo hupotea upesi.

Vita vikafunga barabara, Papa akabaki bila kidonge hata kimoja. Alitetemeka, alitapika, alimtukana Mama aliyekuwa akimfuta jasho. Halafu yakapita. Maumivu yalibaki, lakini alianza kula, akatoka kuota jua. Barabara ilipofunguka ukaenda Mweso kumchukulia dawa.

Jumapili ile baada ya ibada tulikusanyika kwetu kushukuru. Nilikuwa likizo, nilikuwepo. Mama alitengeneza kasiksi, mtungi mmoja, na kama desturi yetu inavyotaka, alivuta wa kwanza kwa mrija wake mbele ya wote, kuonyesha kwamba mtungi hauna kitu kibaya. Ndipo mirija ya wengine ikaingia. Mama akakuuliza muuguzi alisema nini.

"Aseme nini? Kaka atakunywa dawa sawa zamani."

"Na pombe?"

"Mama, muntu mwenye alizoea kasiksi, kidonge itamufanya nini?"

Watu wakacheka. Papa akameza kipimo chake chote cha zamani, akavuta mrija. Jua lilikuwa bado juu alipolala kitini. Akaanza kukoroma, mkoromo mzito kama wa mtu mwenye maji kooni, na kati ya mkoromo na mkoromo kimya kikazidi kurefuka. Mama aliona midomo yake inageuka rangi ya majivu, akainuka kumwamsha. Ukamshika mkono.

"Mumuache alale. Leo njo siku anapata raha."

Ukauiga mkoromo wake, watu wakacheka tena. Papa aliponyamaza, wewe ulikuwa bado unauiga.

Siku ya mazishi ulisema Mama ni mulozi, mchawi, kwamba alitia sumu kwenye kasiksi. Mtungi ule ule ulioumaliza wewe mpaka mashapo. Katekista alikuuliza mbona Mama alionja na yuko hai. Ukajibu kwamba walozi hunywa dawa ya kujikinga. Na sisi wengine tuliokunywa? Ukasema sumu ilijua inamtafuta nani. Sijasikia uongo mvivu kuliko huo, na kazi yangu ni kuwasikiliza mawaziri.

Mama alikwenda kwa ndugu zake Pinga na vile alivyoweza kubeba kichwani. Shamba lake ukalilima wewe.

Mimi nilifanya kazi yangu. Nilikwenda Mweso kumwuliza muuguzi. Hakuhitaji kufikiri. Alikuambia Papa aanze upya na kidogo kama siku ya kwanza, kwa sababu mwili ulikuwa umeshasahau dawa. Asiguse pombe, kwa sababu dawa hii hupunguza pumzi na pombe huipunguza pia, na zikikutana pumzi inaweza kusimama. Akikoroma vibaya aamshwe, na asipoamka aletwe.

"Nilimuambia arudilie," alisema. "Alirudilia yote bila kosa."

Nikawauliza pia madaktari wawili wa Bukavu, kila mmoja peke yake. Walisema yale yale. Kuhusu kuzoea kasiksi, walisema mnywaji anaweza kuzoea asiyumbe, lakini hilo haliilindi pumzi yake.

Kwa hiyo ulipopanda baiskeli maneno yote yalikuwa kinywani mwako. Sidhani ulitaka kumuua kaka yako. Kwa hilo ingebidi ufikiri. Yalikuwa maneno ya kuharibu sherehe, ukayakata kama kawaida yako. Baadaye ukaogopa, ukamtupia mjane lawama.

Mpaka leo Pinga hakuna anayekunywa kilichopita mikononi mwa Mama, maana jina ulilompa lilimfuata huko. Ameacha kutengeneza kasiksi. Nikimtembelea huniuliza jambo moja, kama kuna anayepalilia kaburi la Papa. Anataka kurudi kulipalilia mwenyewe, na hawezi kurudi akiitwa mulozi.

Vidonge situmi. Natuma maneno, na anayekusomea asikate hata moja. Pokea dawa kwa muuguzi tu, kwa kipimo chake. Ukikaa muda bila dawa, usirudie kipimo cha zamani. Mwulize yeye, uanze chini. Usiguse kasiksi, hata kwa kuonja. Nanyi mnaosikiliza, akilala akakoroma vile, msimcheke. Mwamsheni. Asipoamka, mbebeni mara moja mpaka hospitali.

Sasa, Baba Mdogo, kama mjumbe yeyote, yarudilie kwa sauti, na hapo mbele ya duka wote wasikie. Ukimaliza watakuwa wamejua kilichomuua Papa. Barabara ya Pinga iko wazi, na Mama anajua njia.

Nyonga yako ipone.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.