Kitundu cha Gobore na Uongo wa Baruti

Jumamosi, usiku umeingia.

Mvua ilikatika asubuhi na leo milima ya Udzungwa imeonekana yote, mpaka mikunjo yake. Bega la kulia linaniuma. Ni maumivu ninayoyapenda, kwa sababu maana yake gobore limelia na mimi bado nimo.

Nimekaa barazani naandika kwenye simu yangu, mke wangu Mama Tunu anachambua mchele kwa mwanga wa taa, na nina furaha. Nimeandika hivyo waziwazi ili siku nikiwa sina, nije nisome hapa kwamba niliwahi kuwa nayo.

Lakini shajara haina faida kama mwenyewe anaidanganya. Kwa hiyo nianze na uongo wangu.

Kwa asiyenijua: nalima mpunga huku Katindiuka, nina miaka hamsini na saba, na mimi ndiye ninayeshika gobore katika kikundi chetu cha kulinda mashamba. Gobore lenyewe aliniachia marehemu baba. Lina leseni, na msimu huu tuna kibali cha kupiga nguruwe pori wanaoingia kwenye mpunga. Kazi yangu ni kukaa dunguni, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, kuanzia jua linapotua. Kazi ya jirani yangu Kasiani ni kutunza baruti.

Wiki tatu zilizopita nguruwe alisimama hatua thelathini mbele yangu, ubavu wote nje. Nikapiga. Akaondoka zake wala hakukimbia sana. Siku mbili baadaye, vilevile. Asubuhi tukakuta kipande kizima cha mpunga wa Mama Felista, mjane anayelima pembeni yangu, kimelazwa na kuchimbuliwa. Watu wakaniuliza kulikoni. Nikasema baruti ina unyevu, haina nguvu.

Haikuwa na unyevu wowote.

Ukweli ni kwamba kile kijikato cha chuma cha nyuma, unachopaswa kukipanga na chembe ya mbele, ile ya kwenye ncha ya mtutu, kabla ya kufyatua, kwangu kimekuwa ukungu tangu mwaka jana. Nikikikodolea, nguruwe anapotea. Nikimtazama nguruwe, kijikato kinapotea. Miwani ya kusomea ninayo, ila nikiivaa naona bunduki vizuri sana na shamba lote linageuka uji. Sikumwambia mtu. Nilikuwa napiga kwa kukisia na kumwomba Mungu.

Kasiani akasemwa kikaoni kwa uzembe. Alijitetea kidogo tu. Tangu hapo alikuwa akiifunga baruti kwa nailoni mbili na kitambaa juu, kama mtoto mchanga, na kila nilipomwona akifanya hivyo nilitazama pembeni. Kikao kikaamua kwamba Jumamosi, yaani leo, gobore lijaribiwe mbele ya wote. Likishindwa, kibali kiombewe mtu mwingine mwenye bunduki yake.

Na la baba lirudi kabatini. Wazo hilo lilininyima hamu ya chakula.

Msaada ulianzia kanisani. Jumapili iliyopita, bibi aliyekaa mbele yangu alifungua kitabu cha nyimbo, akakunja ngumi, akaacha kitundu chembamba katikati ya vidole, akachungulia. Akaanza kuimba beti zote bila kukosea. Mimi miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa makusudi, maana sipendi kuonekana nayo. Nikajifanya nakohoa, nikapitisha ngumi jichoni. Maneno yakasimama wima, moja moja. Padri alihubiri nini siku ile sijui, nilikuwa nawaza gobore.

Jumatatu nikavuka daraja kwenda Lupiro kwa Mzee Saidi, fundi wa magobore mwenye kibali chake. Nilipomwamkia shikamoo hakuitikia kwanza, alinitazama ninavyoukunja uso kuona kama ni yeye.

"Marahaba, mwanangu. Tatizo si bunduki, eti?"

Nikamweleza habari ya ngumi. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akasema vitundu vya kuchungulia si jambo geni, alishawahi kuvifunga kwenye bunduki za wazee wengine ambao nao walisema baruti ina unyevu. Niliona aibu, ila nafuu pia.

Hakuanza na chuma. Alihakikisha gobore halina kitu, akaniuliza huwa napigia wapi. Nikasema dunguni. Basi akanikalisha kwenye kigoda kirefu, akaniambia nivae lile koti langu la usiku, nifumbe macho, niliweke gobore begani kama siku zote, halafu nifumbue. Pale jicho lilipojikuta, ndipo alipoweka alama. Kitundu kikae mbele ya jicho kwa umbali wa kiganja, alisema, maana gobore linarudi nyuma na halichagui bega wala jicho. Akalifungia bati dogo la shaba nyuma kabisa ya mtutu, lenye skrubu ya kulisogeza kushoto na kulia.

Kisha ukaja uchaguzi. Alikuwa na visahani vitatu vya kuzungushia pale, kila kimoja na tundu lake: la kwanza jembamba la kupita sindano, la pili la kupita njiti ya kiberiti, la tatu kubwa, ungeona hata aibu kuliita kitundu. Saa saba mchana ile, kupitia jembamba niliona hata kucha za kuku wa jirani. Akanishauri nichukue kubwa. Nikakataa. Niliona kubwa ni la vipofu, nami nilitaka kulenga kama kijana. Mzee hakubishana. Alitumbukiza kitu kwenye kiboksi changu cha fataki, zile kofia ndogo za kuwashia baruti, akaniaga.

Jumatano mchana nikasimamisha ubao nyumbani, nikajaribu. Risasi ikaenda kulia. Nikasogeza bati kulia zaidi, nikidhani nalifuata kosa nilikamate, na risasi ya pili ikatoka nje ya ubao kabisa. Nikampigia simu Mzee Saidi. Akasema sogeza bati la nyuma kule unakotaka risasi iende, si kule inakokimbilia. Nikasogeza kushoto. Tatu zilizofuata zingefunikwa na sahani moja. Nikala ugali kwa fujo siku hiyo.

Alhamisi jioni nikapanda dunguni kwa majivuno yangu yote. Saa kumi na mbili na nusu, mpunga ukaanza kutikisika. Nikainua gobore, nikachungulia.

Giza tupu.

Tundu la sindano halipitishi mwanga wa jioni, na nguruwe hawaji mchana. Mtu aliyekaa dunguni miaka kumi na tisa alisahau jambo hilo kwa sababu ya kucha za kuku. Sikufyatua. Niligonga debe tupu, nguruwe wakakimbia, nikabaki nimekaa na hasira za kujitakia. Nilipokuwa narudisha fataki kwenye kiboksi, vidole vikagusa kisahani. Ni lile tundu kubwa. Nikalifunga palepale kwa kupapasa. Nilipochungulia tena niliona mpunga, niliona ukingo wa shamba, na ile chembe ya mbele imekaa katikati yake yenyewe bila mimi kuipanga. Nilimshukuru mzee kwa sauti, peke yangu, kama mwehu.

Basi leo. Niliomba tujaribu jua likizama, kwa kuwa ndiyo saa ya kazi, na hakuna aliyepinga. Wakasimamisha ubao hatua arobaini, wamechora nguruwe kwa mkaa. Nikashindilia baruti, kitambaa, risasi, nikaweka fataki. Ya kwanza bega la nguruwe. Ya pili bega. Ya tatu karibu na ya pili. Mama Felista akapiga vigelegele, na mwenyekiti wa kikundi akatangaza gobore libaki kwangu.

Ningeweza kuishia hapo. Kasiani alikuwa amesimama na kopo lake la baruti, anatabasamu kwa unyonge. Akasema, "Leo ilikuwa kavu, Baba Tunu?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua kweli, na hilo ndilo lililonichoma.

Nikasema mbele ya wote kwamba ilikuwa kavu siku zote. Kwamba mimi ndiye niliyekuwa sioni na niliona heri aonekane yeye mzembe kuliko mimi kuonekana mzee. Mwenyekiti akakohoa. Mama Felista akaniangalia kwa namna ambayo nitailipia kwa kumpelekea nguvu kazi wakati wa kuvuna. Kasiani akaweka kopo chini. Alikuja, akauliza kama gobore ni tupu, nikampa. Akalielekeza ubaoni, akachungulia kwenye kitundu. Akakaa hivyo muda mrefu.

Akaliteremsha, akapikicha macho, akachungulia tena.

"Kumbe nguruwe mlimchorea na mkia," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Huyo fundi wa Lupiro, Jumatatu yupo?"

Hapo tukacheka wote, na baada yake wazee wanne wakapanga foleni kuuona mkia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuona.

Mama Tunu ameniambia sasa hivi, bila kuinua kichwa kwenye ungo, kwamba alijua tangu siku nilipotia chumvi kwenye chai. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe.

Kesho ni Jumapili. Kasiani huwa anakaa benchi langu. Nitafungua kitabu cha nyimbo, nitakunja ngumi, na sitajifanya nakohoa.