Metre Elfu Moja Mia Nane Kabla ya Kashenyi

Papa Mugisho,

Ulikufa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu, asubuhi, watu wakiwa bado ku misa ya kwanza, na tangu siku ile sina tena mutu wa kumuuliza kama nimehesabu vizuri. Hicho ndicho nilichopoteza. Wengine walisema wamepoteza baba, jirani, mukristo mwema, nami nilisikia yote ku kilio na sikumukatalia mutu. Mimi nilipoteza fundi aliyenifundisha kazi. Na wiki sita mbele ya kifo chako tulikuwa tumeshapoteza mradi wa maji wa Kashenyi, kwa ujumbe wa mistari sita uliotoka inchi ambayo wewe haukufika na mimi sitafika.

Kwanza habari za nyumbani. Muke wako Maman Espérance anajikaza, amerudilia kuuza samaki wa sambaza. Koti lako la mvua lingali limetundikwa nyuma ya mulango wenu na hakuna anayethubutu kulishusha. Mimi niko muzima, nimekonda, na kampuni yangu inakonda pamoja na mimi. Benki zimefunga. Pesa niliyotunza miaka kumi na moja iko ndani. Naiona ku telefone kama vile mutu mwenye njaa anaangalia picha ya foufou.

Sasa Kashenyi.

Nilipanda wiki ya pili baada ya kilio. Gari hadi Bunyakiri, kisha pikipiki, kisha miguu saa tatu nzima kuelekea kaskazini, unaijua ile njia kuliko mimi. Nilifikiri habari ya kifo chako ilishafika. Haikuwa imefika. Nilikuta wanawake njiani na mabidon ya maji, na wa mbele alikuwa Mama Vumilia, yule mujane wa magoti mabovu. Kuniona tu, akatua bidon yake, akakutaja kwa lile jina walilokupa sababu ya tiyo, mabomba yako ya maji.

"Angalieni, mutoto wa Papa Tiyo! Muzee wako amejenga nyumba ya etaji ngapi kule Bukavu? Alikula mawe yetu, akakunywa na maji yetu, na tumbo halimuumi?"

Wote wakacheka. Mwingine akaongeza kwamba labda unaoga mara tatu kwa siku, kwa sababu maji ya kijiji kizima ni mengi kwa mutu mumoja. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu, na hesabu, na barua ya biro ya mradi ndani ya mufuko. Nikasema neno moja tu: alikufa.

Papa, ungeona. Mama Vumilia aliikala juu ya lundo la mawe, akaweka mikono kichwani, akakulilia kama vile unalilia ndugu wa tumbo moja. Wengine wakamufuata. Na mimi nikalia, mara ya kwanza tangu tukuzike, maana ku kilio nilikuwa nahesabu viti na masahani. Tulilia hivi hadi machozi ikaisha. Kisha Mama Vumilia akapangusa uso na kitenge, akaniangalia machoni, akauliza: "Na maji?"

Nikageuka, nikaanza kuhesabu malundo ya mawe.

Unakumbuka mawe yale. Wafadhili waliandika kwamba wenyeji watoe muchango wao mbele ya tiyo ya kwanza kupanda, ili waone mradi kuwa ni wao. Wenyeji hawana pesa, wakatoa mawe na muchanga. Nyumba mia tatu na kumi, malundo mia tatu na kumi kando ya njia, kila nyumba inajua lake. Mama Vumilia ulimwambia aache, magoti yake hayawezi. Akakujibu mbele ya chifu: "Nikisamehewa mawe leo, kesho mutanisamehe maji." Akaleta lake, jiwe moja moja, siku kumi na tisa. Kule kwa wafadhili ile kazi yote ilikuwa mustari mumoja ku ripoti: muchango wa wenyeji, asilimia kumi, umepatikana. Nilipima mwenyewe na sikuona kumi. Niliona zaidi ya ishirini. Sikusema, na ninajua kwa nini sikusema. Nilitaka kazi.

Pesa ile ilitoka inchi moja ya baridi, ikapitia biro ya inchi ya pili, ikalala kidogo katika inchi ya tatu, ikafika Bukavu kwa Monsieur Déo, mukubwa wa biro ya mradi, ndiyo ikashuka kwangu mimi mwenye kutafuta tiyo na kwako wewe mwenye kuzitandaza. Ulikuwa unasema, "Hii pesa imetembea kuliko mimi." Kufika kwake kulichukua mwaka na nusu. Kusimama kwake kulichukua asubuhi moja.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikukuambia ku hospitali. Niko na hasira na wewe.

Injinia wa biro alitaka tuanzie kijijini, tujenge robine za kuchotea maji kwanza, tupande na tiyo polepole, chemchemi tuishike mwisho. Ukakataa. Miaka yote ulianzia juu. "Maji ijue kwanza inatokea mulango gani," ulisema, na mimi nilikuunga mukono, maana nilikuwa sijawahi kukuona ukikosea. Ukajenga chumba cha chemchemi kwa yale mawe yao, ukakifunika, ukakipiga simenti, kazi safi ambayo hata yule injinia aliipiga picha. Na maji yote ya chemchemi yakaingia ndani ya tiyo. Tiyo ikazunguka mulima upande wa kuume, metre elfu mbili mia ine, na pale ikakomea. Imebaki metre elfu moja mia nane kufika Kashenyi.

Kisima chao cha zamani, kile cha bondeni, kilikuwa kinakunywa kwenye chemchemi ileile. Kimekauka. Kilikuwa kichafu, ndiyo, watoto walikuwa wanaharisha. Lakini kilikuwa dakika ishirini. Leo wanapanda hadi mwisho wa tiyo, ndani ya pori, dakika hamsini kwenda, na kurudi na bidon ya lita makumi mbili mugongoni. Nilijaribu kufunga vane, ile koki ya tiyo, kule juu ili maji yarudi kwao. Hayakurudi. Yanamwagika upande wa pili, sababu njia ya maji ya ziada uliielekeza kule, yasibomoe mashamba yao. Ulifikiria kila kitu, Papa. Ila haukufikiria kwamba pesa inaweza kufa katikati ya mulima.

Wewe na mimi tungeanzia chini, leo wangekuwa na robine kavu na kisima chao. Tulianzia juu, hawana robine na hawana kisima. Nimeihesabu mara nyingi, na kila mara jibu ni lilelile.

Halafu nakumbuka soko ya Kadutu na hasira inapungua nguvu. Nilikuwa na gunia moja chini, na juu ya gunia vipande makumi ine vya kuungia tiyo. Nilikuwa nimeacha masomo mwaka wa sita wa primaire. Ulikuja kutafuta kona ya tiyo ya milimetre sitini na tatu, na wale wauzaji watatu wa mbele yangu walikuwa wamekuambia ya hamsini itaingia tu, ipashe moto. Mimi nikasema, "Papa, hiyo itavuja, rudi kesho nitakuletea ya kweli." Ukacheka hadi kofia ikaanguka. "Mutoto ya nani huyu anafukuza mununuzi?" Ulirudi kesho. Kisha ukanichukua Walungu, ukaniweka ndani ya mutaro na ile mupira ya plastiki inayoonesha ndani, imejaa maji, wewe ncha moja na mimi ncha nyingine, ukanifundisha kusoma muteremuko kwa macho. Ukanifundisha kupima chemchemi kwa ndoo na saa. Ile ya Kashenyi tuliipima pamoja: lita makumi mbili, sekunde makumi ine. Ulikuwa haujafungua mudomo nilishasema: elfu makumi ine na tatu na mia mbili kwa siku, kila mutu anapata lita zake makumi mbili na yanabaki. Ukainua kofia, ukanisalimia kama vile unasalimia gavana. Sijawahi kupata diploma, lakini siku ile niliipata.

Na sasa zile siku kumi na moja.

Ujumbe ulisema kazi zote zisimame leo. Nilikupigia, nikakuambia shuka. Ulikuwa na rulo mbili za tiyo bado kule juu, metre mia mbili. Ukasema, "Sikusikia vizuri, rezo ni mubaya." Rezo haikuwa mubaya, Papa, nilisikia hata kuku nyuma yako. Ukabaki siku kumi na moja na vijana wanne wa kijiji, bila mushahara, mvua ikiwapiga ndani ya mutaro, ukatandaza zile rulo mbili. Ulishuka na kikohozi. Ulipofika huku Bagira haukunisalimia, ulisema tu, "Sasa imebaki kumi na nane." Nilikugombeza. Nilikugombeza mutu akitetemeka. Yale ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako ukiwa umesimama.

Ku hospitali ulikuwa unanionesha vidole vyako, unavifungua na kuvifunga, na mimi nilijua unahesabu rulo. Nilikuwa nafika, naacha matunda, nakimbia kumutafuta Monsieur Déo. Niliikala zaidi mu barza ya biro kuliko kando ya kitanda chako. Nisamehe hiyo kama unaweza. Mimi bado sijajisamehe.

Monsieur Déo mwenyewe hana tena biro. Nimeandika barua ine kuomba rulo zibaki kwa Kashenyi. Jibu la kwanza lilisema aliyekuwa na ruhusa ya kuamua ameacha kazi. La pili lilisema aliyemupokea pia ameacha. Mbili za mwisho hazijajibiwa. Sasa wafadhili wameamua vitu vyote vya mradi vikusanywe, gari, meza, kompyuta, tiyo, viuzwe kwa jumla katika muji mwingine. Depo yangu, zilimo zile rulo, wameiziba kwa mukanda na muhuri, ndani ya parselo, kiwanja changu mwenyewe. Lori linakuja Ijumaa saa sita ya muchana, na mimi nisaini.

Karatasi yao inasema rulo makumi mbili. Ndani kuna kumi na nane. Mbili ziko ardhini, kule ulikozilaza wewe.

Monsieur Déo alikuja Jumamosi, amevaa sandale, akaikala jikoni kwangu. Ni mutu muzuri, unajua. Akasema polepole: "Maman Nshobole, andika kwamba marehemu alizichukua. Marehemu hapelekwi parquet kushitakiwa." Nilimwambia amalize chai yake aende. Alipofika ku mulango akageuka: "Basi watakuuliza wewe." Nikasema, "Waniulize."

Kwa hiyo iko hivi. Jina lako sitaliandika ku ile karatasi kama mwizi. Hiyo imeisha, usinisumbulie nayo. Inabaki mambo mawili, na ya tatu nimeitafuta siku nyingi sikuiona.

Moja: nivunje muhuri wao mbele ya Ijumaa, nipandishe rulo kumi na nane, nitandaze mwenyewe na watu wa Kashenyi. Nimepiga hesabu: siku kumi na mbili, kama mvua inatusamehe. Mama Vumilia atakunywa mulangoni pake. Na mimi nitakuwa mwizi kweli, ku karatasi ya zile inchi tatu zilizopitisha pesa. Hakuna mufadhili atanipa tena hata mutaro wa kuzika paka. Watu tisa wanakula kwa kampuni hii, na kampuni hii ilitoka kwenye gunia moja.

Mbili: nisaini, nilipe zile mbili polepole, lori liende. Kisha nipande Kashenyi na nyundo, nibomoe ukuta wa chumba cha chemchemi upande wa bonde, maji yarudi kwenye kisima chao kichafu. Wao hawawezi kuugusa ule ukuta. Chifu amekataza, na ana haki, maana ukivunja vibaya jicho la maji linahama na chemchemi inapotea. Inahitaji mukono unaojua mawe yalipangwaje. Wewe haupo. Umebaki wangu. Kazi yako ya mwisho duniani, niibomoe mimi uliyenifundisha kujenga.

Hii nakuahidi, na unajua mimi siahidi kitu nisichopima: mwezi huu hautaisha wale wanawake wakiwa bado wanapanda dakika hamsini. Ni njia ipi tu ndiyo sijui.

Lala salama, Papa Mugisho. Koti lako nitalishusha mimi, nitalifua, nitalikunja, Maman Espérance asilione kila akifungua mulango. Asante kwa ile kona ya sitini na tatu. Asante kwa kucheka.

Lakini sikubali unyamaze. Usiniletee ndoto ya kuzungukazunguka, usiniletee ndege ku dirisha, sina wakati wa kufasiria. Nataka neno moja, vile ulikuwa unanijibu kutoka ndani ya mutaro: nivunje muhuri wao, ao nivunje ukuta wako? Leo ni Jumanne. Lori linafika Ijumaa saa sita. Unijibu mbele ya hapo.

Nshobole